Usalama wa Chakula cha Mbwa Huanzia Ghalani

Katika Bonde la Kilombero, mbwa ni mlinzi wa nyumba na shamba. Katika kaya nyingi, zikiwemo za Kata ya Lumemo, Halmashauri ya Mji wa Ifakara, hulishwa makombo ya ugali na wali, pumba na dagaa. Wapo pia wafugaji wanaonunua chakula kilichotengenezwa kiwandani. Vyakula hivyo vyote vina jambo moja linalofanana: nafaka iliyohifadhiwa vibaya inaweza kumuua mnyama bila mwenye nyumba kutambua chanzo.

Hatari kubwa ni sumukuvu, sumu inayozalishwa na aina ya kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zenye unyevu. Sumu hii haionekani kwa macho, na joto la kawaida la kupikia haliiondoi. Hushambulia ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo kwa urahisi. Mbwa aliyeathirika hukataa chakula, hulegea, hutapika, na macho na fizi zake huweza kugeuka rangi ya manjano.

Nchini Kenya, sumukuvu iliua mbwa wengi katika miaka ya 1977 na 1978. Nchini Marekani, mwishoni mwa mwaka 2020, chakula cha mbwa chenye mahindi kiliondolewa sokoni baada ya kubainika kuwa na sumukuvu. Hadi Januari 2021, zaidi ya vifo 110 vya mbwa vilikuwa vimeripotiwa kwa mamlaka za nchi hiyo. Kiwango kinachotumiwa huko kuchukua hatua ni zaidi ya sehemu 20 za sumukuvu katika sehemu bilioni moja za chakula.

Kwa Tanzania, jambo hili haliwahusu mbwa pekee. Mwaka 2016, sumukuvu ilisababisha vifo vya watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi ambayo hayafai kwa binadamu hayageuki kuwa salama kwa kupelekwa kwenye chakula cha wanyama.

Msingi wa usimamizi wa vyakula vya wanyama nchini ni Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, iliyo chini ya wizara yenye dhamana ya mifugo. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) hupima sampuli za vyakula hivyo, huku Shirika la Viwango Tanzania (TBS) likisimamia viwango vya ubora wa bidhaa.

Hata hivyo, kipimo cha maabara hakitoshi endapo mnyororo utakatika dukani. Chakula kinapotolewa kwenye mfuko wake na kuuzwa kwa kupimwa, mnunuzi hukosa jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Namba hiyo ndiyo huwezesha toleo lenye kasoro kutambuliwa na kuondolewa sokoni. Bila namba hiyo, mkaguzi hawezi kujua mfuko upi ulitoka wapi wala nani mwingine ameuziwa.

Kwa sababu hiyo, uboreshaji wa usimamizi unapaswa kugusa hatua zote: mzalishaji kupima nafaka kabla ya kuisaga, mfanyabiashara kutunza mifuko ikiwa imefungwa na kumbukumbu za manunuzi, na mkaguzi kuchukua sampuli sokoni mara kwa mara. Katika bonde lenye joto na mvua nyingi kama Kilombero, mifuko iwekwe juu ya chaga, mbali na ukuta na sakafu yenye unyevu. Chakula kilicholowa maji ya mafuriko kisianikwe na kuuzwa tena.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Anunue mfuko wenye maelezo kamili, asimpe mbwa mahindi au pumba zenye ukungu, na atunze mfuko hadi chakula kiishe. Mbwa akiugua ghafla baada ya kula, aache mara moja kumpa chakula hicho, ahifadhi kilichobaki pamoja na mfuko wake, na atoe taarifa kwa ofisa mifugo wa kata. Mfuko huo unaweza kuwa ushahidi utakaookoa wanyama wa jirani.