Barua-pepe za koperative haziingii? Mutazame kwanza tarehe

Mununuzi wa kahawa anaandika bei yake leo, anangojea jibu kesho. Lakini Thunderbird kwenye biro inasema tu kama haiwezi kuungana na seva. Musikimbilie kubadilisha neno la siri: simu ya sekretere nayo itafungiwa inje.

Mutazame tarehe na saa kwenye ekra. Hapo ndipo mashini zetu za zamani zinatusumbua. Ndani yake muko batri ndogo ya mviringo, mara nyingi CR2032, yenye kulinda saa wakati umeme hakuna. Ikikufa, kompyuta inarudi miaka mingi nyuma. Seva inaonyesha cheti chake, kompyuta inahesabu kama muda wa cheti haujaanza bado, inakataa. Hata kurasa nyingi za intaneti zitakataa vile vile. Murekebishe tarehe, mufunge Thunderbird, muifungue tena. Batri inunuliwe, kama sivyo shida itarudi kila umeme ukienda.

Tarehe iko sawa na hakuna ukurasa unaofunguka? Forfé imeisha, ao rezo ni mubaya.

Kwa wenye Gmail: tangu 2022 haikubali tena neno la siri la kawaida kutoka programu za namna hii. Katika mipangilio ya akaunti muchague OAuth2, kwa kupokea na kwa kutuma pia, maana ni seva mbili. Kupokea: imap.gmail.com, porti 993. Kutuma: smtp.gmail.com, porti 465.

Wakati mungali mukitafuta, barua mpya haziko zimepotea. Zinangojea kwenye seva, na sekretere anaweza kumujibu mununuzi kwa simu yake.