Mbolea Iliyobaki Isitupwe Ovyo

Mbolea ya chumvichumvi ni chakula cha mimea. Ikiingia katika maji ya kunywa, inaweza kuua.

Vijijini Shinyanga na Geita watu wengi huchota maji visimani na malamboni. Mbolea iliyotupwa ovyo huyeyushwa na mvua, ikaingia katika maji hayo. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 akinyweshwa, damu yake hushindwa kubeba hewa. Midomo na kucha zake hugeuka rangi ya buluu. Mpelekeni zahanati upesi. Kuchemsha maji hakuondoi sumu hii.

Ng'ombe naye akilamba urea nyingi, hufa.

Tufanye nini?

1. Mbolea iliyoganda bado inafaa. Tuiponde, tuitie shambani kidogo kidogo udongo ukiwa na unyevu, kisha tuifukie.

2. Isiyohitajiwa tumpe jirani mwenye shamba.

3. Tusiimwage kisimani, lamboni, mtoni wala chooni. Tusiichome moto.

4. Mfuko wake tusiutie unga wala nafaka.

5. Ikiwa nyingi, tumwone bwana shamba.

Kisima ni cha kijiji kizima. Tukilinde.