Boti ya mbao ya jeshi la majini: bei ndogo, deni refu

Mwezi wa kumi 1915, boti mbili za mbao zilifika Lukuga, mji unaoitwa leo Kalemie. Majina yao ilikuwa Mimi na Toutou, sawa vile watoto wa Ufaransa wanaita paka na mbwa. Jeshi la majini la Uingereza lilizipakiza kwa meli mpaka Cape Town, kisha kwa treni mpaka Fungurume. Kutoka pale zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, ng'ombe na mikono ya watu. Zikapitia Sankisia, Bukama, mto Lualaba na Kabalo. Kila moja ilikuwa na urefu wa metre 12 hivi na moteri mbili za esansi. Tarehe 26 Desemba 1915 zilikamata boti ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916, Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Boti za jeshi za namna hiyo, hasa zile za vita vya pili vya dunia, zinauzwa hata leo kule Uingereza. Vita viliisha, jeshi likatoa mizinga, boti zikaenda kwa raia. Wengi walizigeuza nyumba za kukaa juu ya maji. Na kitu kinachoshangaza ni bei: wakati mwingine haishindi ile ya gari lililokwisha kutumika. Mtu anaona boti ya metre 22, yenye historia ya vita, anafikiri amepata bahati. Lakini mwenye kuuza mara nyingi anatafuta kuachana na matumizi yasiyoisha. Kuko watu waliouza nyumba ya familia juu ya boti, na makuta ikaishia kwa fundi mbele hata hawajavuka bandari.

Juu ya nini inakula makuta namna hiyo? Jibu liko katika mbao zenyewe. Boti nyingi za jeshi zilijengwa kwa matabaka mawili ya mbao nyembamba. Tabaka la ndani linalala upande mmoja, la nje linalikata kama msalaba, na katikati wanaweka kitambaa kilichopakwa mafuta. Ndiyo ilizifanya kuwa nyepesi na nguvu. Shida inaanza kitambaa kikioza. Maji yanabaki kati ya matabaka mawili, na mtu wa nje haoni kitu, kwa sababu rangi inangaa vizuri. Na ukitaka kubadilisha ubao mmoja wa ndani, lazima kwanza ubomoe wa nje. Misumari nayo inachoka: ubao unaizunguka unakuwa mweusi na laini, mpaka hauishiki tena.

Kitu kingine kinachodanganya wanunuzi ni mvua. Watu wanaogopa bahari, kumbe chumvi inasaidia kulinda mbao isioze haraka. Maji ya mvua ndiyo adui. Yanapenya juu, kwenye sakafu na pembeni ya madirisha, yanashuka polepole na kulala pembeni bila hewa. Wavuvi wa Tanganyika na wa Kivu hawahitaji kufundishwa hilo: wanajua kuchota maji ndani ya boti kila asubuhi.

Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili anasema bei, lakini anaandika kwamba itasimama tu kisha ukaguzi. Anamlipa mkaguzi wake mwenyewe, hapana yule wa mwenye kuuza. Boti inapandishwa juu ya inchi kavu. Mkaguzi anagonga kwa nyundo mahali pote na kusikiliza: mbao nzima inalia, mbao mbovu inanyamaza. Anachoma kwa chuma chenye ncha, anang'oa misumari michache aione. Kama moteri ni za esansi, anaangalia pia hewa inavyopita chini, maana mvuke wa esansi ni mzito, unalala ndani ya tumbo la boti, na cheche moja inatosha. Ndiyo maana wenye boti wengi waliweka moteri za mazuti.

Makaratasi nayo yasisahauliwe. Kwa desturi ya Uingereza, meli iliyoandikishwa inagawanywa sehemu 64, na watu mbalimbali wanaweza kumiliki sehemu hizo. Anayenunua lazima ajue kama ananunua zote, na kama hakuna deni la benki juu yake. Pia aulize asiransi mbele ya kutia sahihi: kwa boti ya mbao ya zamani, mara nyingi wanadai ukaguzi mpya. Kuko orodha ya taifa ya vyombo vya kihistoria, kwa vile vilivyopita miaka 50. Kuwa ndani yake ni heshima, lakini peke yake haileti makuta.

Boti inayoonyesha uzito wa kazi hii ni Medusa, iliyojengwa 1943, ikafika Normandy Juni 1944. Leo iko Gosport, na inaendelea kutembea. Lakini si mtu mmoja anayeibeba: ni chama cha watu wanaojitolea, na ili ijengwe upya ilihitaji msaada wa makuta ya bahati nasibu ya taifa.

Anayetaka kuinunua peke yake aanze kwa kuomba ipandishwe juu ya inchi kavu. Mwenye kuuza akikataa, mazungumzo yameisha.