Kihindi cha Dukani ni Lugha Gani?

Mwalimu akiketi kitambo kidogo sokoni Mlandizi, kando ya njia iendayo Morogoro, hana budi kusikia maneno haya: gari, gunia, laki, chapa. Yote asili yake ni Bara Hindi, nayo yamekwisha kuwa Kiswahili hata mtoto hajui kuwa yalikuja kama wageni. Mtu akiuliza ni maneno ya lugha gani, hujibiwa, "Ya Kihindi." Jibu hilo nami nimelitoa darasani miaka mingi. Lakini ni jibu pungufu, na upungufu wake una madhara, kama nitakavyoeleza.

Waliofika pwani yetu kwa pepo za kaskazi hawakuwa watu wa lugha moja. Wengi wao walitoka Kutch, nchi iliyo magharibi ya India, kati ya bahari na mbuga kubwa za chumvi, yenye bandari za Mandvi na Mundra. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyokodi ushuru wa forodha ya Unguja zamani za Sayyid Said, ilikuwa ya watu wa huko. Ladha Damji, aliyesimamia forodha hiyo mwaka 1871, Stanley alipofunga safari ya kuvuka mto wetu wa Ruvu kumtafuta Livingstone, alikuwa wakili wa nyumba hiyo.

Lugha ya Kutch ni Kikachi. Nacho ni ndugu wa Kisindhi, lugha ya nchi ya jirani ambayo leo imo katika Pakistan. Wala si Kigujarati kilichoharibika, kama wengine wadhanivyo. Lakini mtu wa Kutch alipotaka kuandika deni daftarini, au kupeleka barua kwao, mara nyingi aliandika Kigujarati, maana ndicho kilichofundishwa shuleni na kutumiwa katika biashara. Hivyo Kikachi kikawa lugha ya jikoni na ya barazani, na Kigujarati kikawa lugha ya karatasi.

Matokeo yake yaonekana wazi. Gazeti la Samachar, lililoanzishwa Unguja mwaka 1902, lilipigwa chapa kwa Kigujarati. Riwaya ya Dariyalal ya Gunvantrai Acharya, iliyotoka mwaka 1938, yasimulia habari za Unguja na nyumba ile ile ya Jairam Shivji. Nayo pia ni ya Kigujarati. Hata huko India, katiba yataja lugha 22 katika orodha yake. Kisindhi kiliongezwa humo mwaka 1967, Kikachi hakimo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011 wasemaji wake, waliopita milioni moja, walihesabiwa chini ya Kisindhi. Basi vitabuni Kikachi chafichwa na Kigujarati, na katika hesabu chafichwa na Kisindhi. Na kwetu vyote vitatu vyaitwa Kihindi.

Wataalamu wafanyeje kuiona lugha iliyofichwa hivyo? Mfano mwema ni nyimbo za dini za Makhoja Waismaili, ziitwazo ginan. Lugha yake ni mchanganyiko wa Kihindi, Kigujarati, Kisindhi na nyinginezo, nazo ziliandikwa kwa mkono katika herufi za pekee ziitwazo Khojki. Ali Asani, mzaliwa wa Kenya, alizipanga hati za namna hiyo zilizomo katika chuo kikuu cha Harvard, akatoa orodha yake mwaka 1992. Mwaka 2014 herufi za Khojki zikatiwa katika mpango wa herufi za kompyuta utumikao duniani kote. Kazi hiyo yote isingaliwezekana kama watu hawangalitunza madaftari yao.

Tena lugha ndogo si ya kupokea tu. Wahindi waliohama Afrika ya Mashariki wakakaa Uingereza huita muhogo "mogo", na karanga huita "jugu". Maneno ya mashamba yetu yamevuka bahari mbili.

Sasa natutazame nyumbani. Hapa Kibaha na Kisarawe, Kizaramo kimekaa karibu na Kiswahili kama Kikachi kilivyokaa karibu na Kigujarati. Hiki chasemwa na wazee, hicho chaandikwa na wote. Nakiri kwamba mara nyingi nimelifuta kwa wino mwekundu neno la mtoto, nikaandika "si sanifu", nisiulize kama amelipata kwa bibi yake. Nalo halikuwa Kiswahili kibaya. Lilikuwa Kizaramo kizuri. Sanamu za mwana hiti za Wazaramo zimewekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Lakini ni wangapi kati yetu wawezao kuandika maneno aliyoimbiwa mwali aliyepewa sanamu ile? Bibi yangu aliyajua. Alipozikwa, sikuwa nimeandika hata neno moja.

Kwa hiyo, ndugu walimu na mapadre, mkutanapo na mzee, awe Mzaramo au Mhindi, mwulizeni mambo matatu: lugha yake yeye mwenyewe aiitaje, aandika kwa lugha gani, na aimba na kuwabembeleza watoto kwa lugha gani. Majibu yakitofautiana, hapo ndipo ilipo lugha iliyofichwa. Yaandikeni maneno kama myasikiavyo, pamoja na mahali na tarehe, wala msiyasahihishe.