Inveta Imepasuka Mara Mbili: Niliyoyakuta Dallas ya Embu

Dallas ninayoisema si ya Marekani. Ni mtaa wa mji wa Embu, na mke wangu ana jamaa huko. Safari hii nilimkuta jirani yao, mwenye mashine ya kusaga unga, kajishika tama. Inveta yake, kile kifaa kinachodhibiti mwendo wa mota, ilikuwa imepasuka mara ya pili. Na kila akisaga, redio za majirani zilikoroma.

"Shemeji, wewe umesomea stima. Hebu tazama."

Nikatazama. Fundi alimwekea njia ya pembeni ili inveta ikifa, mota iendeshwe na stima ya laini moja kwa moja. Wazo si baya. Lakini alitumia swichi mbili zisizojuana. Zikiwashwa pamoja, volti 415 huingia inveta kupitia mlango wa kutokea. Stima huingilia R, S, T na kutokea U, V, W. Ukigeuza, transista za ndani hufa papo hapo. Inatakiwa swichi moja ya pande mbili, au kontakta mbili zilizofungamanishwa kwa kufuli ili zisishike pamoja kamwe.

Kwenye mota nikakuta kapasita, eti ya kupunguza bili. Niliing'oa. Inveta hutoa stima ya kukatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kapasita hapo huivutia mikondo mikali.

Makato hayo ndiyo yanayokoromesha redio, kwani kebo ya mota hugeuka erial. Kebo yake haikuwa na ngao, ilipita paipu moja na nyaya za kudhibiti, na waya wa athi ulifungwa kwenye bomba la maji. Bomba lenyewe la plastiki! Nikamwambia anunue kebo yenye wavu wa shaba, iwe fupi, feizi tatu na athi humo humo. Wavu ubanwe kwa kibano cha chuma ncha zote mbili, usisokotwe mkia. Nyaya za kudhibiti zikae mbali, kama sentimita 30, na zikilazimika kuvuka zivuke msalaba.

Kilichonitoa jasho ni kijana wa fundi. Amezima breka, dakika haijaisha, bisibisi iko ndani. Nilimdaka mkono. Kapasita za inveta ya volti 415 hubaki na karibu volti 590 za DC hata stima ikizimwa, na hizo zaua. Ngoja dakika zilizoandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi 5 au 10, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa.

Nawaandikia haya wenye pampu za visima Kilifi na Kwale, maana inveta zimejaa huko. Muulizeni fundi leseni yake ya EPRA kabla hajafungua kisanduku.

Mwenye mashine alilalamikia bei ya kebo. Nikamuuliza inveta mbili zilimgharimu ngapi. Akamtuma kijana dukani.