Wino wa Mama kwa Bintiye

Sisi watu wa pwani tulioweka maskani hapa Londiani, katika baridi ya Kericho, watoto wetu hukulia mbali na bahari. Kikipsigis wanakijua, na Kiswahili cha shule wanakijua. Lakini msomee binti Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa kwa Kiamu, atakuuliza maana karibu kila ubeti. Hayo ndiyo yaliyonifanya niulinganishe utendi huo na kazi za mabibi wawili wa Mashariki ya Mbali. Wao waliishi chini ya mafundisho ya Confucius, yaliyomtaka mwanamke amtii baba kabla ya ndoa, mume akisha kuolewa, na mwanawe wa kiume akifiwa na mume.

Ban Zhao wa Uchina, aliyeishi yapata miaka 1,900 iliyopita, alifiwa na mumewe mapema. Ndiye aliyeikamilisha tarehe kubwa ya dola ya Han iliyoanzwa na babake na kakake. Hali yu mgonjwa, aliwaandikia binti zake wasia juu ya mwenendo wa mke. Aliwahimiza unyenyekevu, lakini humo humo alihoji kwa nini wavulana wasomeshwe na wasichana waachwe.

Heo Nanseolheon wa Korea (1563-1589) alizika watoto wawili, naye akafa kabla ya kufika miaka 30. Yasimuliwa kwamba aliusia mashairi yake yachomwe moto. Nduguye, Heo Gyun, aliyahifadhi yaliyosalia, yakafika hata Uchina na kupendwa huko.

Mwana Kupona binti Msham wa Pate alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu. Naye pia katika ugonjwa, mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858, alimwita bintiye asogee na wino na karatasi. Wako wauonao utendi huo kuwa ni amri ya kumtii mume, basi. Mimi naona zaidi. Bibi huyu anafundisha dini na adabu, anamwomba Mola wake kwa ulimi wake mwenyewe, kisha anawaita wanawake wenziwe wausome.

Tofauti yao kubwa ni hii: mashairi ya Heo yaliokolewa na ndugu wa kiume, bali utendi wa Mwana Kupona ulipokewa na binti, ukanakiliwa na kuhifadhiwa moyoni na wanawake, mama kwa mwana. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha kitabuni, kwa hiyo maneno yake hayatapotea. Kinachoweza kupotea ni mama wa kuyafasiri.

Basi enyi mama zetu mlioko bara, chukueni beti mbili tatu kila jioni baada ya Magharibi, mkae na mabinti na kuwaeleza neno moja moja. Na wakiuliza kwa nini mke aambiwe hivi na mume asiambiwe, msiwanyamazishe. Ban Zhao naye aliuliza, na mwenye kuuliza huwa amekwisha kusoma.