Wajenzi Wanaotumikishwa: Tutawahesabu Vipi?

Ndugu msomaji, mwezi huu tuache kidogo malaria na kuhara. Nataka nikueleze habari za kijana mmoja aliyeletwa wodi ya wanaume nikiwa zamu, miaka kadhaa iliyopita, akiwa amevunjika mfupa wa paja. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la mirunda, ghorofa ya pili. Daftari letu lilikuwa na safu ya umri, kijiji, ugonjwa na matokeo. Nikaandika: mwanaume, miaka 19, kuvunjika paja, ajali. Fomu ya polisi, yaani PF3, nayo ilisema hivyo hivyo: ajali.

Siku ya nne, nilipokuwa namgeuza ili asipate vidonda vya mgongo, ndipo akasema. Alichukuliwa kijijini kwao na mtu aliyemwahidi mshahara wa kila mwezi. Alipofika mjini akaambiwa anadaiwa nauli na chakula, kwa hiyo afanye kazi kwanza alipe deni. Kitambulisho chake alikishika nyapara. Kwa miezi mitano alibeba zege na nondo, akilala palepale kwenye jengo juu ya mifuko mitupu ya saruji, na mshahara hakuuona. Siku alipovunjika walimshusha langoni kwetu, gari likageuza. Daftari halikuwa na mahali pa kuandika hayo. Na mimi, nakiri, kwa siku tatu nzima sikuwa nimemuuliza.

Watu wengi husema, "Kazi ya ujenzi ni ngumu, ndivyo ilivyo." Ni kweli. Lakini kazi ngumu ni jambo moja na kutumikishwa ni jingine. Shirika la Kazi Duniani (ILO) limeorodhesha dalili 11 za kazi ya kulazimishwa. Miongoni mwake ni kudanganywa, kufungwa kwa deni, kunyang'anywa hati, kuzuiliwa mshahara, kutishwa, na kuzuiwa kutoka. Sisi wauguzi tunajua kwamba dalili moja haitoshi kutaja ugonjwa. Homa peke yake si malaria. Hali kadhalika, mshahara uliochelewa wiki mbili ni dhuluma, lakini si lazima uwe utumwa. Dalili zinapokusanyika, kama kwa kijana yule, ndipo hatuna budi kuliita jambo kwa jina lake. Tanzania inayo sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, na haisemi kwamba ni lazima mtu avushwe mpaka wa nchi. Kutolewa kijijini kwa udanganyifu ili ukatumikishwe mjini kunatosha.

ILO na washirika wake walikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 27.6 duniani walikuwa katika kazi za kulazimishwa. Msomaji atauliza, na ana haki: waliwahesabuje watu waliofichwa? Huwezi kupiga hodi nyumba kwa nyumba kama siku ya sensa. Anayetumikishwa hulala kwenye jengo lisilo na mlango, na akiona mgeni mwenye karatasi na kalamu, anakimbia.

Njia mojawapo ilitokana na shughuli za UKIMWI. Mwaka 1997 mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Douglas Heckathorn, alieleza jinsi ya kuwafikia watu wanaojificha, kama wale wanaojidunga dawa za kulevya. Unaanza na wachache wanaokuamini. Kila mmoja, baada ya kuhojiwa, hupewa kuponi chache awape wenzake anaowajua. Wale nao wakija, hupewa kuponi zao, na mnyororo unaendelea. Kila mmoja huulizwa pia anafahamiana na wenzake wangapi. Hapo ndipo penye ujanja wa hesabu. Mama ntilie anayelisha mafundi wote wa mtaa atafikiwa na kuponi upesi, lakini yule saidia fundi mgeni, asiyejua mtu, ni vigumu kumfikia. Kwa hiyo jibu la anayejuana na wengi hupunguzwa uzito, na la yule mpweke huongezwa.

Sheldon Zhang na wenzake walitumia njia hiyo huko San Diego, Marekani, karibu na mpaka wa Mexico, na taarifa yao ikatoka mwaka 2012. Walihoji wafanyakazi wahamiaji 826 wasio na vibali. Waliona kwamba kama asilimia 30 walikuwa wamepatwa na mambo yanayoweza kuitwa usafirishaji haramu wa binadamu, na zaidi ya nusu walikuwa wamenyonywa kwa namna nyingine. Katika ujenzi ilikuwa asilimia 35, mashambani 16. Mimi ningedhani mashambani ndiko kubaya zaidi. Tena, wengi waliumizwa na waajiri kuliko wale waliowavusha mpaka. Na kilichowaweka hatarini kuliko yote ni kukosa kibali: mtu anayeogopa polisi hawezi kumshtaki bosi wake.

Lakini kuponi haipenyi penye kufuli. Aliyefungiwa kabisa, asiyeruhusiwa kuongea na mtu, hatahojiwa. Nayasoma makadirio hayo kama ninavyosoma kipimo cha damu cha mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa nyumbani: wadudu wakionekana wachache, sisemi kwamba ni hao tu.

Mara nyingine ni vyeti vya vifo vinavyosema. Huko Qatar, walikokwenda pia vijana wengi wa Kenya na Uganda, vifo vingi vya wajenzi kutoka Nepal viliandikwa kwamba moyo umesimama. Ndugu zangu, moyo wa kila maiti umesimama. Hiyo si sababu ya kifo. Mwaka 2019 watafiti walilinganisha vifo vya Wanepali vya miaka 2009 hadi 2017 na joto la kila mwezi, wakaona kwamba vifo vya moyo viliongezeka miezi ya joto kali. Mwaka 2021 Qatar ilipanua saa za kukataza kazi za juani: saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15.

Kwetu sisi nimeanza na kidogo. Anapoletwa majeruhi wa ujenzi, nikishampa dawa ya maumivu, na aliyemleta akiwa ametoka nje, namuuliza: Nani alikuleta kazini? Kitambulisho chako kiko wapi? Mara ya mwisho ulilipwa lini? Ukitaka kuacha kazi kesho, kutatokea nini? Namwambia pia kwamba hawajibiki kunijibu. Wengine hunyamaza. Mmoja aliangalia mlango muda mrefu, kisha akaomba maji, nikampa.

Jina la mwajiri na mahali pa jengo naandika kwenye cheti cha mgonjwa siku hiyohiyo, kabla hajasahau au hajatishwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hapa Tanzania upo kwa ajili ya anayeumia kazini, lakini daftari likisema "ajali" tu, mwajiri wake anaweza kudai hajawahi kumwona.